ULIZA FUNDI: Getiwei ijiseti yenyewe, fundi abaki mwisho wa reli

Karibuni tena wasomaji. Mwezi huu safu nimeiachia simu za intaneti peke yake, maana meseji nyingi zilizoingia zinazunguka palepale, mtu ana tawi Kasulu, mwingine ana tawi Urambo, kila tawi lina kale kaboksi ka getiwei kanakoziunganisha simu za kawaida za mezani na intaneti, na kaboksi kakigoma tu fundi anapanda basi. Wale wa betri za sola na printa msininunie, zamu yenu mwezi ujao.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa IT kwenye SACCOS moja hapa Kigoma mjini, makao makuu yetu yako Mwanga alafu tuna matawi Kasulu, Kibondo, Kakonko na Uvinza. Tulifunga seva ya Asterisk (programu inayounganisha simu zote) hapa makao makuu na kila tawi tukapeleka getiwei ya poti nne, wanaongea vizuri tu. Shida kila getiwei niliiseti kwa mkono, naingia kwenye ukurasa wake najaza namba, paswedi, kodeki (namna ya kubana sauti), saa, kila kitu, na sasa bosi kasema tunahamisha seva kwa hiyo anwani inabadilika. Ndo nizunguke matawi yote upya? Nimesikia zinaweza kujiseti zenyewe, inakuaje hiyo? *Msomaji, Mwanga, Kigoma*

JIBU: Marahaba kijana wangu. Zinaweza, na kwa matawi yaliyokaa mbali namna hiyo mi nasema hata usijiulize mara mbili, maana kwenda Kibondo na kurudi ni siku imeliwa, na ukifika unakuta kosa lenyewe ni herufi moja ya paswedi.

Iko hivi. Getiwei mpya ikiwashwa haina kitu kichwani, ni kama mgeni kashuka stesheni usiku ana karatasi moja tu mfukoni imeandikwa nyumba ya kuulizia. Kazi yako ni hiyo karatasi, mengine yote yakae kwenye seva. Getiwei inaanza kwa kuomba anwani ya IP kwa rauta kupitia DHCP, hapo tuko pamoja, ila kitu ambacho wengi wanakiruka ni kwamba kwenye jibu lilelile la DHCP rauta inaweza kuchomekea maelezo mengine, yanaitwa opsheni na kila moja ina namba yake. Opsheni 42 inasema seva ya saa iko wapi. Opsheni 66 ndo yetu, inasema nenda kachukue faili lako kwenye seva fulani. Kwenye maelezo rasmi ya DHCP ya mwaka 1997 opsheni 66 ilikua ni jina la seva ya TFTP (njia ya zamani ya kushushia mafaili) basi, ila siku hizi watengenezaji wengi wanakubali uweke anwani nzima ya http au https. Cisco wao wana opsheni 150 ambayo inabeba anwani za IP za seva, kwa hiyo kama umechanganya vifaa weka zote mbili, hazigombani.

Ikishaijua seva, getiwei inaomba faili kwa jina, na jina linatengenezwa kwa anwani yake ya MAC, ile yenye herufi na tarakimu 12 iliyobandikwa chini ya boksi. Mfano Grandstream anaomba faili linaloanza na cfg, inafuata MAC, mwisho .xml, akilikosa anashuka mpaka cfg.xml ya jumla. Hizi getiwei za Cisco zinazoitwa SPA zikitoka kiwandani zinaomba faili lenye jina la modeli, lakini we unaweza kuandika $MA kwenye anwani ya faili na getiwei yenyewe inajaza MAC yake hapo. Faili likishuka getiwei inalisoma, inajizima na kujiwasha kama inahitaji, alafu inajirejista kwenye Asterisk yako kwa SIP, lugha ambayo simu za intaneti zinaongea na seva. Mtu wa Kakonko kazi yake ni kuchomeka waya wa umeme na waya wa mtandao, na hata mlinzi anaweza.

Sasa usikae ukaandika mafaili manne tofauti kwa mkono, hapo utakua umehamisha shida tu kutoka kwenye ukurasa wa getiwei kwenda kwenye seva. Tengeneza faili mama moja lenye vitu vya wote: saa za Afrika Mashariki yani masaa 3 mbele ya GMT, seva ya saa, kodeki, mpango wa kupiga namba, milio. Alafu kila tawi liwe na mstari mmoja kwenye jedwali, MAC, namba za ekstensheni (namba za ndani za simu), paswedi zake, basi. Kaskripti kadogo kanachukua faili mama na jedwali kanazalisha mafaili yote. FreePBX, ule ukurasa wa kuendeshea Asterisk, ina moduli za kufanya hivyo kama hupendi kuandika skripti, ila mi bado napenda jedwali kwa sababu hata mwenzako akija kukushikia kazi anasoma anaelewa.

Kuna jambo moja la Kibondo nataka ulikazie macho. Kwenye mpango wa kupiga namba usitume kila kitu kuja Kigoma mjini. Kama tawi lina laini yake ya mezani imechomekwa kwenye poti ya FXO (ile inayopokea waya wa laini ya kampuni ya simu), namba za dharura 112 na 114 zitokee palepale tawini, sio zije mpaka makao makuu zitokee kwenye laini ya Mwanga, maana nyumba ikiwaka Kibondo mtu akapiga 114 na simu ikatokea Kigoma, atakayepokea ataanza kuuliza mtaa gani wa Kigoma. Hicho kitu kinatakiwa kiwe kwenye faili la tawi, na hakitokei chenyewe, lazima ukifikirie wewe.

Swali linalofuata najua, rauta za matawini ni za kampuni ya mtandao na hazikuruhusu kugusa opsheni 66. Kweli, nyingi ndo zilivyo. Una njia tatu. Weka rauta yako ndogo nyuma ya ile ya kampuni, MikroTik inatosha kabisa, ila kwenye MikroTik thamani ya opsheni lazima uifunge ndani ya alama moja moja za kunukuu, ukisahau inakataa na watu wanalia hapo jioni nzima. Njia ya pili, kabla getiwei haijapanda basi iwashe mezani kwako, ingia mara moja, andika anwani ya seva ya mafaili, funga boksi, tuma. Hiyo ndo naipenda zaidi kwa tawi dogo. Ya tatu ni huduma za watengenezaji wenyewe, unaandikisha MAC kwao, getiwei ikiwashwa mara ya kwanza inawapigia wao na wao wanaielekeza kwako, Grandstream wanayo inaitwa GDMS, Yealink nao wana ya kwao.

Na hili la kuhamisha seva, tumia jina, usitumie IP. Andika kwenye faili mama jina kama simu nukta jina la taasisi yenu, siku seva ikihama unabadilisha DNS (daftari linalogeuza jina kua IP) na hakuna anayejua. Kwa sasa kwa kua ushaweka IP kwa mkono kwenye matawi yote, itabidi uingie kwenye kila moja kwa mara ya mwisho, ila sio kwa basi, ingia kwa VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa tawi ukiwa mbali) kama mnayo au mwelekeze mtu wa tawini kwa simu, abadilishe kitu kimoja tu, anwani ya seva ya mafaili. Seva ya zamani usiizime mpaka uone kwenye logi (kumbukumbu za seva) kwamba matawi yote yamekuja kuchukua faili jipya. Getiwei hua zinarudi kuuliza kama kuna jipya kila baada ya muda, zile SPA kwa kawaida ni kila sekunde 3600, na kama hutaki kusubiri, Asterisk inaweza kuipelekea getiwei ujumbe wa SIP wa NOTIFY wenye neno check-sync, ikiupata inaenda kuchukua faili hapohapo.

Firimwea (programu ya ndani ya boksi lenyewe) usiichanganye na konfigi (mipangilio yake). Unakuta mtu kaweka kwenye faili mama kwamba getiwei zote zishushe firimwea mpya, matawi yote yanaanza kuvuta kwa bando la simu, umeme unakatika katikati, na boksi lililokatikiwa katikati ya kujiandika upya linaweza lisiwake tena. Firimwea peleka tawi moja moja, mchana, ukiwa macho.

SWALI: Mwangaluka fundi. Nafanya kazi kitengo cha TEHAMA kwenye hospitali fulani Tabora mjini. Nimeweka opsheni 66 kama wanavyoelekeza, getiwei inapata IP vizuri ila faili haichukui. Nikiandika anwani ya seva kwa mkono inachukua bila shida. Nimechoka. *Dada wa Tabora*

JIBU: Mwangaluka nawe dada, pole. Kama kwa mkono inakubali basi seva yako nzima na faili lenyewe liko sawa, ugonjwa uko kwenye DHCP, na mi pesa yangu naiweka kwamba mna DHCP mbili kwenye mtandao mmoja. Hospitali ni majengo mengi, kila idara ina mtu wake alinunua karauta kake ka wifi akachomeka kwenye swichi, kale karauta nako kanagawa IP, na kwa kua kako karibu kanawahi kujibu. Getiwei inachukua jibu la kwanza, ambalo halina opsheni 66, na haiulizi tena. Angalia IP iliyopata, na zaidi ya IP angalia imepewa na seva gani, kama sio ya kwako basi umemkamata. Tafuta karauta hako kazime DHCP yake.

Kama DHCP ni moja, basi kagua mambo mengine haya. Getiwei nyingi zina sehemu ya kuruhusu kutii opsheni 66, na iliyowahi kusetiwa na mtu mwingine inaweza kua imezimwa, irudishe kwenye hali ya kiwandani kwanza. VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya mtandao) nayo inachanganya, kama simu mmezitenga kwenye VLAN yake, opsheni lazima iwe kwenye kundi la anwani za VLAN ile, sio la kompyuta. Na kama mnatumia vifaa vya zamani vya Cisco, rudia jibu la juu, jaribu opsheni 150.

Kwa wasomaji wengine ambao kwao hata kwa mkono inagoma, angalieni jina la faili. Seva ya Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo, we umeandika MAC kwa herufi kubwa getiwei inaomba kwa ndogo, seva inajibu faili halipo. Fungua logi ya seva usome getiwei imeomba jina gani hasa, ulinakili kama lilivyo. Logi ya seva inamaliza ubishi mwingi kuliko kuuliza watu kwenye magrupu.

SWALI: Kaka, nina loji Ujiji, vyumba vina simu za mezani zinapita kwenye getiwei. Mwezi uliopita tumepata bili ya simu za nje ya nchi, nchi ambazo hakuna mgeni wangu aliyewahi kutoka huko, zote zimepigwa usiku wa manane. Fundi aliyetufungia anasema tumehakiwa, yani wezi wa mtandao wametuingilia, alituwekea hiyo ya kujiseti yenyewe. Je, niitoe? *Mwenye loji, Ujiji*

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Usiitoe, ila uliza maswali mawili matatu kabla hujamlipa huyo fundi salio lake.

Swali la kwanza, mafaili yanashushwa kwa njia gani. Kama ni TFTP na seva iko wazi kwenye intaneti, hapo ndo walipopitia. TFTP haina paswedi, haina usiri, anayeuliza anapewa, unachotakiwa kujua ni jina la faili tu. Na jina la faili ni MAC, na nusu ya kwanza ya MAC ni namba ya kiwanda inayojulikana na kila mtu, kwa hiyo mwizi anabahatisha nusu iliyobaki, kompyuta haichoki kubahatisha, na akilipata faili moja ndani kuna namba ya ekstensheni na paswedi yake ya SIP zimeandikwa waziwazi. Hapo anajirejista kama chumba namba 7 akiwa bara jingine na anapiga anakotaka, bili inakuja Ujiji. Http ya kawaida bila paswedi ni hivyohivyo, imebadilika jina tu.

Njia sahihi ni https, inayoficha faili likiwa njiani, na seva isimpe faili kila aliyefika mlangoni. Kuna getiwei zinatoka kiwandani zikiwa na cheti chao (kitambulisho cha kidijitali) ndani, seva inakagua cheti kwanza ndo inatoa faili. Kama za kwako hazina, weka jina na paswedi ya kushushia, au seva ikubali kutoka kwenye VPN tu. Kwa loji yenye jengo moja mbona hata rahisi, seva ya mafaili ikae humohumo ndani na isionekane nje kabisa, TFTP ya ndani ya jengo haina shida kubwa ilimradi wifi ya wageni iko mbali na mtandao wa simu. Hiyo ya wifi kahakikishe leo, loji nyingi wifi ya wageni na simu ni kitu kimoja.

Swali la pili, kwanini chumba kinaruhusiwa kupiga nje ya nchi. Hapa kwetu simu ya nje ukipiga kwa laini ya mezani inaanza na 000, Kenya ni 005 na Uganda 006. Weka kwenye faili mama kwamba namba inayoanza na 000 haitoki, getiwei ikatae na Asterisk nayo ikatae, maana mwizi mwenye paswedi yako hapiti kwenye getiwei, anaenda moja kwa moja kwenye seva. Mgeni akitaka kupiga nje aende mapokezi, na siku hizi wenyewe wanapiga kwa WhatsApp.

Paswedi zote za SIP zibadilishwe, na hapa ndo utaona uzuri wa kujiseti, unabadilisha kwenye jedwali, skripti inazalisha mafaili, getiwei zinakuja kuchukua, imeisha. Paswedi ziwe ndefu, zitungwe na mashine, mtu hatazichapa kamwe kwa hiyo hamna sababu ya kuweka 1234 au namba ya chumba. Na ukurasa wa getiwei wenyewe nao ubadilishwe paswedi, ile ya kiwandani ya admin ipo kwenye kila kitabu cha maelekezo.

SWALI: Fundi habari ya kazi. Sisi ni AMCOS ya tumbaku huku Urambo, getiwei yetu ina laini ya mezani moja imeingia FXO. Tatizo mtu wa nje akikata simu, laini haikati, inabaki bize mpaka tuizime getiwei. Msimu wa masoko unakuja wakulima wanapiga hawatupati. Tufanyeje? *Katibu, Urambo*

JIBU: Salama katibu. Huu ugonjwa nauona kila mahali na mara nyingi sio laini mbovu, getiwei tu haijaambiwa mlio wa kukata unafananaje. Laini ya shaba haitumi ujumbe wa kusema mwenzako amekata, inapiga mlio, ule tu tu tu, au mitambo mingine inageuza chanya na hasi ya umeme kwenye waya. Getiwei iliyotoka kiwandani mara nyingi imesetiwa milio ya Marekani, ule wa kwetu inausikia na haiuelewi, inadhani ni mtu anaongea, inashikilia laini.

Dawa, piga simu kutoka nje, pokea, alafu wa nje akate, rekodi mlio unaosikika. Programu ya bure kama Audacity itakuonyesha ni hezi ngapi na unawaka kwa milisekunde ngapi na kuzima ngapi. Hizo namba ndo zinaingia kwenye sehemu ya mlio wa kukata, na kwa kua mko wengi mnaosoma safu hii wenye matawi, ziingizeni kwenye faili mama ili getiwei ya kesho iamke inazijua. Usinakili za jirani bila kupima. Na weka kikomo cha ukimya, kwamba laini ikikaa kimya kabisa dakika kadhaa ikatwe, kama kinga ya pili.

Na kwa kua ni Urambo na mvua zenu nazijua, weka kinga ya radi kwenye waya wa simu kabla ya getiwei, na waya wa ardhi uwe wa kweli. Poti ya FXO ndo ya kwanza kufa radi ikipiga. Ikifa, mnachukua getiwei nyingine ya modeli ileile, fundi anabadilisha MAC kwenye jedwali, mnachomeka, mnaendelea na masoko.

SWALI: Umeme ukikatika Nzega na kurudi, getiwei zetu zinakaa muda mrefu hazijirejisti, nyingine mpaka tuzizime tuwashe tena. Tunatumia https. *Nzega*

JIBU: Saa. Getiwei nyingi hazina betri ya kutunza saa, zikizimika zinaamka zinadhani ni mwaka 1970 au tarehe ya firimwea yao, zinaenda kwa seva, zinaonyeshwa cheti, zinaangalia tarehe zinaona hiki cheti hakijaanza hata kutumika, zinakataa. Zinapaswa zipate saa kwanza ndo ziende kwenye https. Hakikisha opsheni 42 ipo kwenye DHCP na iwe rauta yenyewe ya hapohapo inayotoa saa, usitegemee seva ya saa ya nje wakati mnara wa mtandao nao ndo unaamka. Rauta nayo isetiwe izirekebishe saa zake mapema.

Sababu ya pili, umeme ukirudi vyote vinaamka sekunde ileile, getiwei inawahi kuliko rauta, inaomba IP haipati, inakata tamaa. Kwenye faili mama kuna sehemu ya kuchelewesha kwa muda wa kubahatisha kabla ya kuomba faili na sehemu ya kujaribu tena ikishindwa, ziweke. Au tafuta UPS ndogo ya rauta na swichi peke yake. Hakikisha pia getiwei inatunza konfigi ya mwisho, ili hata seva ya mafaili ikikosekana ifanye kazi na ya jana.

SWALI: Kuna jamaa anataka kutuuzia getiwei ya laini za simu za mkononi, yenye laini 32, anasema tutapokea simu kutoka nje ya nchi kwa intaneti na kuzitoa kwa laini za hapa, tutalipwa kwa dakika. Anasema inajiseti yenyewe tunachomeka tu. Ni biashara nzuri? *Kijana, Kigoma*

JIBU: Hapana mdogo wangu. Getiwei ya laini ya mkononi kuitumia ofisini kwako kupiga simu zako ni kitu kimoja, hicho anachokuuzia ni kitu kingine, ni kupitisha simu za kimataifa kwa mlango wa nyuma, na bila leseni ya TCRA hilo ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Mitambo ya kufuatilia hizo simu ipo, na laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, vya nani? Vyako. Yeye anaseti akiwa mbali, ndo maana anasisitiza wewe uchomeke tu.

SWALI: Kampuni ya mtandao imeniambia getiwei yangu wataisimamia wao kwa TR-069. Ndo nini na ni salama? *Kasulu*

JIBU: Ni njia nyingine ya kujiseti, ilitoka mwaka 2004, imetengenezwa kwa ajili ya kampuni zenye wateja wengi. Getiwei au rauta inaipigia seva ya kampuni, inaripoti hali yake, inapokea maagizo, na kampuni inaweza kuigutua muda wowote kupitia poti 7547. Kwa SACCOS yenye matawi manne ni mzigo bure, ila kwa kampuni inafaa. Usalama unategemea hiyo poti kama imefungwa kwa watu wengine. Novemba 2016 kule Ujerumani rauta za wateja kama 900,000 wa Deutsche Telekom ziliyumba kwa sababu kirusi kilikua kinagonga poti hiyohiyo kwenye intaneti nzima. Waulize kama poti 7547 inakubali seva yao peke yake. Wakikujibu vizuri, waachie.

SWALI: Faksi yetu inapita kwenye getiwei, inatoka nusu ukurasa. Simu za sauti ziko poa. *Tabora*

JIBU: Kodeki hiyo. Mmeweka G.729 kuokoa bando na mko sahihi kwa sauti, inakula kama kilobiti 31 kwa sekunde kila upande wakati G.711 inakula karibu 87, ila G.729 imetengenezwa kwa sauti ya mtu na mlio wa faksi inauharibu. Poti ya faksi peke yake ipe T.38 (njia maalumu ya kupitisha faksi kwenye intaneti) kama seva na kampuni inayokuuzia laini wanaikubali, kama hawaikubali ipe G.711 na uzime kifuta mwangwi na kile kinachokata ukimya kwenye poti hiyo. Sio poti zote, hiyo moja tu, na iandike kwenye mstari wa tawi kwenye jedwali, usiiseti kwa mkono maana getiwei ikija kuchukua faili usiku itakufutia.